Bwana Alinifungua Kinywa Mlangoni mwa Duka

Apewe sifa Bwana, ndugu zangu, aliyenisimamisha mbele yenu leo nikiwa na nguvu za miguu na pumzi ya kusema. Wazee wangu mlioko humu, shikamoo. Wadogo zangu, salamu zenu nimezipokea hata kabla hamjazitoa. Wengi mnanijua kama mama Rhobi, yule anayekaa Turwa kule pembeni, nyumba zinapoisha na mashamba yanapoanza. Wengine mnanijua kwa sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama. Lakini kuna jambo langu hamkulijua, kwa sababu nililifunika vizuri sana. Leo nimekuja kulifunua.

Mimi nimezaliwa Susuni, kwa baba mwenye ng'ombe. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mtu mwema. Ila kuna neno moja alitufundisha, likatuingia kuliko maziwa tuliyokunywa: mtu mwenye mji wake, yaani boma lake, haombi. Ukikosa, unakaa kimya, unangoja kesho. Nakumbuka mwaka mmoja ukame ulitupiga, unga ukaisha, na mama akawa anainjika sufuria ya maji matupu ili majirani waone moshi ukitoka jikoni. Sisi watoto tulikaa tukiyaangalia yale maji yanavyochemka. Hakuna aliyelia. Tulishajua kwamba kulia ni kuomba.

Ndugu zangu, niliolewa nikiwa na moyo huo, na nikazeeka nao.

Mume wangu, marehemu Chacha, alikuwa mfugaji. Baada ya miaka kadhaa aliongeza mke, akamleta Gati, binti wa upande wa Mugumu. Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Lakini nyumba yake ilikuwa haijajengwa, kwa hiyo alianza kwa kupika jikoni kwangu, na ukipika na mtu jiko moja utamjua tu, upende usipende. Nilimjua Gati kuwa ni mtu wa kucheka kwa sauti, anayeunguza mboga kila mara kwa sababu ya maneno mengi, na anayeamka kabla ya jogoo. Yeye alinijua mimi kuliko nilivyodhani. Hakujaliwa mtoto. Binti yangu Rhobi alipokuwa mdogo alikuwa akilala kwake kuliko kwangu, na mimi nilikuwa nikijifanya sioni, maana nilijua kwa nini anamtaka.

Basi Chacha akaugua. Alikuwa amekuja mjini kwa mambo ya mifugo akiwa na Gati, mimi nimebaki Susuni navuna ulezi. Alilazwa, na taarifa niliyoipata mimi ni ya msiba. Sikupata ya ugonjwa. Nilifika nikakuta ameshafunikwa, na Gati amekaa kando yake. Ndugu zangu, pale pale moyo wangu ulifunga mlango. Nilisema ndani yangu kwamba huyu mwanamke amenificha mume wangu mpaka dakika ya mwisho. Kwenye matanga alininyooshea mkono. Sikuupokea.

Baada ya msiba ng'ombe waligawanywa na ukoo, kila mmoja wetu akapata kidogo chake, na tukaachana. Mimi nilikuja Turwa. Gati naye alikuja mjini, akapanga chumba karibu na soko akawa anauza mitumba. Mji wa Tarime si mkubwa. Nikimwona upande huu wa barabara, mimi nahamia ule. Miaka ikapita hivyo. Nikaokoka, nikaingia kanisa hili, nikakaa kwa amani, mpaka Jumapili moja nikageuka nikamwona Gati ameketi kule upande wa dirishani na Biblia mapajani. Naye ameokoka! Nilitaka kuhama kanisa. Kilichonizuia ni kwaya tu, maana nilikuwa nimezoea kuimba hapa.

Sasa niwaambie kuhusu mwaka ambao Bwana alinifungua kinywa. Rhobi, binti yangu, alikuwa Kerende, kwenye machimbo ya dhahabu, akipikia wachimbaji, na mtoto wake Nyangi nilikuwa nakaa naye mimi, kabinti kadogo kalikokuwa hakajaanza shule. Rhobi alikuwa akituma chochote kila alipopata. Halafu mashimo waliyokuwa wakichimba wateja wake yakasimama, watu wakatawanyika, na sufuria zake zikakosa wa kula. Akanipigia simu akasema, mama, vumilia kidogo. Nikamwambia sisi hatuna shida, tunakula vizuri. Mwezi uliofuata nikashikwa na malaria, na kale kabiashara kangu ka mboga kakaishia kwenye dawa. Shambani mvua ilichelewa. Mihogo tulikuwa tumeshaichimba yote.

Ndugu zangu, njaa iliingia nyumbani kwangu kama mgeni anayejua njia. Mtoto alikula, kwa sababu mtoto hawezi kunyimwa. Nilimpikia uji, nikamwambia bibi ameshakula. Mimi nilikuwa nakunywa maji ya moto yenye chumvi. Na kila Jumapili nilivaa kitenge kilichopigwa pasi, nikaja hapa, nikaimba. Mlikuwa mnaniuliza habari za nyumbani, nami nilikuwa nawajibu, salama kabisa. Hamna kosa. Mngejuaje? Nilikuwa nainjika sufuria ya maji kama mama yangu.

Ikafika Desemba. Mnaijua desturi yetu hapa. Kila mwaka kabla ya Krismasi akina mama tunaweka makapu barazani kwa Mzee Hamisi, lile duka kubwa la jumla na rejareja karibu na soko. Mzee Hamisi ni Mwislamu, babu yake alitoka pwani, lakini yeye kazaliwa hapa hapa na Kikurya anakiongea kuliko watoto wetu. Mtu akitoka dukani na mzigo wake, tunamwomba atoe kitu kimoja kwa ajili ya mabinti: kilo ya sukari, mche wa sabuni, chumvi, mafuta, pedi. Ni wale mabinti wa nyumba ya hifadhi, waliokimbia kukeketwa. Watoto wengine Desemba wanarudi nyumbani kula sikukuu. Hawa Desemba ndiyo wanatoka nyumbani, maana ndio msimu wa kukeketa, wengine bila hata viatu.

Mama mchungaji alipopanga watu wa kapu, alinipanga na Gati, wiki nzima. Mimi sauti ya pili, Gati sauti ya kwanza. Nilimfuata baada ya ibada nikamwambia labda anibadilishie, yule simwelewi. Mama mchungaji alinishika bega akasema sauti zetu zinaoana, na watu hutoa zaidi wakisikia wimbo. Siku zile nilidhani hajui habari zetu. Alikuwa anazijua vizuri sana.

Siku ya kwanza tulisimama mmoja kila upande wa mlango kama nguzo. Gati alinisalimia, nikaitikia kwa kichwa. Tukaimba pambio, na kusema kweli sauti zilioana. Lakini kazi yenyewe haikuwa kuimba, ilikuwa kuomba. Mtu akitoka unatakiwa umsogelee umwambie, ndugu, tuchangie kitu kwa ajili ya mabinti. Ndugu zangu, kinywa changu kilikataa! Nilikifungua, hakikutoka kitu. Nikimwona mtu anakuja naanza kupanga makopo kapuni. Gati ndiye aliyeomba kwa niaba yetu wote wawili. Aliomba huku anacheka, anataja watu kwa majina, anawatania. Kijana mmoja dereva wa upande wa Sirari alisimama akasema, "Mathe, imbeni tena ile ya mwanzo, niwawekee mafuta." Tukaimba, akaweka kopo la mafuta ya kula, akaenda zake akipiga honi.

Nilisimama pale nikiwa sijala, mbele yangu kuna kapu la sukari na unga. Sikulitamani. Kile kilikuwa chakula cha watoto waliokimbia kisu, na Bwana alinilinda nisikitazame kwa jicho jingine. Lakini tumbo halina dini, lilikuwa linaongea. Nikaimba kwa nguvu ili lisisikike.

Alasiri Mzee Hamisi alikuwa na desturi ya kututolea chai ya maziwa na maandazi. Chai nilikunywa polepole mpaka sukari ya chini. Andazi nililifunga kwenye pindo la kitenge, nikampelekea Nyangi. Kesho yake nikafanya vile vile. Siku ya tatu Gati akaniwekea andazi lake mapajani, akasema leo ameshiba, maandazi ya ngano yanamsumbua tumbo. Nikalirudisha kwenye sahani bila kumtazama. Nikamwambia na mimi nimeshiba. Alinitazama mikono, akatazama mifupa ya shingo yangu, kisha akatazama barabarani.

Siku iliyofuata ndipo alipopita Mzee Marwa. Huyu ni ndugu wa marehemu mume wetu, mtoto wa baba yake mkubwa, mtu wa mila anayeheshimiwa. Alitoka dukani na mfuko wake, tukampa shikamoo wote wawili. Hakuitikia. Aliuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, tangu lini wake wa ndugu yake wamekuwa ombaomba, tena wanaombea mabinti waliowakaidi baba zao. Watu wakasimama kuangalia. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Ndilo lile nililoliogopa maisha yangu yote, kuitwa ombaomba hadharani, na mtu wa kwetu.

Gati akaacha kapu, akaja akasimama mbele yangu. Alizungumza kwa adabu, macho chini, lakini kila mtu alisikia.

"Baba, hawa mabinti ni watoto wa watu na wanakula kama watoto wengine. Kama kuna kosa nigombeze mimi. Mama Rhobi mwache. Huyu ndiye mwenye mji wa ndugu yako, mimi nilimkuta."

Mzee Marwa akasonya, akaenda. Gati akarudi upande wake wa mlango akaanza wimbo. Mimi sauti ya pili ikagoma kutoka, kwa sababu nilikuwa nalia. Tangu tuzike sikuwa nimesikia mtu akiniita mwenye mji wa Chacha. Na aliyeniita hivyo ni yule niliyekuwa nahamia upande mwingine wa barabara nikimwona.

Lakini sikumwambia asante. Naomba mlielewe hilo. Neno asante lilikuwa linakaa chumba kimoja na neno naomba, na chumba chote kilikuwa kimefungwa.

Jumamosi ilikuwa siku ya soko kubwa, jua la kuchoma, watu wanamiminika kununua vya sikukuu. Asubuhi ile uji wa mwisho aliunywa Nyangi. Nilimwacha kwa jirani nikasema nitamletea kitu. Njiani nilihisi miguu kama si yangu. Tulianza kuimba. Katikati ya ubeti nikaona mlango wa duka unakuwa mwembamba, watu wanakuwa mbali, na sauti ya Gati inatoka kama kisimani. Magoti yakalegea. Nikakaa juu ya mfuko wa chumvi uliokuwa nyuma yangu. Akina mama wengine wakaja mbio wakisema ni jua, mpepeeni, mleteeni maji. Na mimi nikatikisa kichwa kukubali: ndiyo, ni jua.

Gati akawaomba wasogee ili nipate hewa. Akachuchumaa mbele yangu, uso wake karibu na wangu, akaniuliza kwa Kikurya, taratibu, asisikie mwingine, "Dada, umekula?"

Ndugu zangu, swali lile ni dogo. Tunaulizana kila siku na jibu liko tayari mdomoni: nimekula. Lilikuwa tayari hata pale. Nililisikia likija. Nikamwona mama yangu na ile sufuria yake, nikamwona Tata. Nikasema moyoni, Yesu, nimechoka. Sikuomba zaidi ya hapo. Hayo ndiyo maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba. Na Bwana akanigusa kinywa. Nilisikia kinalegea kama kamba iliyokatwa.

Nikamwambia, "Sijala. Hata jana sikula. Njaa inaniuma, Gati."

Nilingoja anga lianguke. Halikuanguka. Watu waliendelea kuingia na kutoka dukani. Gati hakushtuka, hakupiga kelele, hakuwaita watu. Machozi yalimtoka, akayafuta na kiganja, akasema alijua tangu andazi la kwanza, alikuwa anangoja nimruhusu. Akainuka akaingia kwa Mzee Hamisi, akarudi na kikombe cha chai yenye sukari nyingi, akakishika yeye mwenyewe mdomoni kwangu. Niliinywa yote. Halafu nikasema asante. Ilitoka yenyewe.

Alasiri aliacha kapu kwa wengine tukaenda Turwa pamoja, akiwa na mfuko wa unga na dagaa alivyonunua mwenyewe. Tulimpitia Nyangi kwa jirani. Gati aliingia jikoni kwangu kwa mara ya kwanza tangu tuhame mji wa Chacha. Aliona mafiga baridi, aliona debe tupu. Akawasha moto. Akapika ugali. Na ndugu zangu, hakuuliza chumvi iko wapi. Alinyoosha mkono moja kwa moja juu ya mlango, kwenye kikopo nyuma ya boriti, akaitoa. Ndipo ninapoiweka katika kila jiko langu tangu nilipoolewa. Nilipoona mkono wake unakwenda pale bila kutafuta nilishindwa kujizuia, nililia mpaka Nyangi akaja kunishika goti akiuliza kama moshi umeniingia machoni. Gati naye akaanza kucheka na kulia, na dagaa wakaungua. Tuliwakula hivyo hivyo wakiwa weusi. Nawaambia sijawahi kula dagaa watamu kama wale.

Tukiwa tumekaa nje jua linapungua, nilimwuliza lile swali la miaka yote: kwa nini hakuniita Chacha alipougua. Akasema alitaka kuniita tangu walipofika hospitali, Chacha akamkataza. "Alisema, usimsumbue mama Rhobi, ana mavuno, mimi kesho narudi nyumbani. Aliamini anarudi, dada. Hata mimi niliamini. Hali ilipogeuka, iligeuka ghafla." Akasema kwenye matanga alitaka kunieleza, nikamnyima mkono, basi akaona labda ana hatia kweli, akaibeba.

Ndugu zangu, mnaona kazi ya adui? Chacha alikufa akinihurumia mavuno yangu. Hata yeye hakutaka kuomba mtu aache kazi aje amshike mkono. Kimya chake kikatugawa sisi wajane wake, na kimya changu kikakaribia kuniua. Nilimshika Gati mkono, ule ule niliokuwa nimeukataa kwenye matanga, na nikamwomba anisamehe. Akasema tulishasameheana jikoni.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na baada ya ibada nilimfuata mama mchungaji nikamwambia hali yangu mwenyewe, bila Gati kunisemea. Nilidhani atashangaa. Alinikumbatia tu, na jioni akina mama walianza kuja Turwa mmoja mmoja, huyu na maharage, huyu na mafuta ya taa, huyu na ndizi za kupika. Niliwapokea wote kwa mikono miwili. Kapu la mabinti halikuguswa, kila mtu alitoa kwake.

Na Jumatatu tulirudi dukani kumalizia. Sasa sikilizeni Bwana alivyo wa ajabu. Mtu wa kwanza alipotoka dukani, mimi ndiye niliyemsogelea. Gati alikuwa bado hajavuta pumzi. Nilimwambia kwa Kikurya, "Ndugu yangu, kuna mabinti hawajui watakula nini sikukuu. Njaa naijua. Tupatie chochote." Alisimama, akarudi ndani, akatoka na mfuko mzima wa sembe. Nikamwendea wa pili. Nikamwendea wa tatu. Kinywa kilichokuwa kimefungwa tangu utoto kikawa hakishikiki! Mzee Hamisi alitoka akaegemea mlango akasikiliza, akasema Kikurya changu leo kimepata miguu. Mpaka adhuhuri makapu yalikuwa yamejaa na tukaomba maboksi matupu kwake.

Hata Mzee Marwa alipita. Alinunua vitu vyake, akatoka, akasimama mbele ya kapu bila kututazama. Tukampa shikamoo. Safari hii aliitikia, marahaba, kwa sauti ya chini. Akachomoa mche wa sabuni mfukoni mwake, akauweka kapuni taratibu kama mtu anayelaza yai, akaenda. Sijui moyoni mwake kuna nini. Mimi namwombea.

Siku ya Krismasi mimi na Gati tulikwenda kule nyumba ya hifadhi kupika. Tulipika pilau. Mabinti walitusaidia kuchambua mchele, na mmoja wao, mwembamba wa macho makubwa, alikuwa amekaa pembeni haongei. Gati akamtuma kuni, akamtuma maji, akamtania mpaka akacheka. Mlezi wao alituambia ile ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu afike. Rhobi naye alikuja kutoka Kerende, na alipotukuta mimi na mama yake mdogo tumekaa kwenye mkeka mmoja tukigombana kuhusu chumvi, aliweka mkoba chini akasimama akitutazama.

Sasa tunakaa pamoja Turwa. Gati aliacha chumba chake cha sokoni, akahamia na mitumba yake yote. Asubuhi anauza nguo, mimi niko shambani, na mvua ikinyesha tunapanda pamoja. Nyangi ana bibi wawili na anajua kabisa yupi wa kumwendea akitaka nini. Mboga bado zinaungua. Bado tunatofautiana, maana yeye anapenda redio na mimi napenda utulivu. Lakini nikiamka asubuhi namsikia ameshawasha moto, na namshukuru Mungu kwa moshi ule, maana ndani ya sufuria kuna kitu.

Nashukuru kanisa. Namshukuru mama mchungaji aliyetupanga mlango mmoja akijua anachofanya. Namshukuru Mzee Hamisi, na Mungu ambariki yeye na watoto wake. Namshukuru Gati, yuko kule kwenye kwaya anajificha nyuma ya mwenzake kwa sababu nilimwambia nitamtaja. Gati, simama wakuone. Hataki. Basi mwacheni.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia tu yaliyonipata. Najua humu ndani kuna mtu ambaye kitenge chake kimepigwa pasi na nyumbani hakuna kitu. Kuna baba amefunga tai, na tangu jana anakunywa maji. Kuna mtu hana njaa ya chakula, ila kuna jambo linamla, na kila akiulizwa anasema salama. Mwamini Bwana leo. Usingoje magoti yalegee. Ukiona aibu kusema mbele ya watu, mimi na Gati tutakuwa pale nje kwenye mwembe wa uani baada ya ibada, tutakaa mpaka wa mwisho aondoke, na hatutamwambia mtu.

Mungu anasikia hata usipofungua mdomo. Jirani yako hasikii mpaka useme. Mwambie.